Canter 4D33 inamisi na kutoa moshi mweupe alfajiri za baridi, nianzie wapi?

Mbao_Njombe: Habari wakuu. Ni Canter ya injini 4D33, umeme wa volti 24, inalala nje hapa Njombe. Tangu Juni, alfajiri kipimo kikisoma nyuzi 6, napiga selfu mara tatu nne ndipo iwake. Ikiwaka inamisi, yaani kuna silinda haziungui sawasawa, kebini nzima inatetemeka, na inatoa moshi mweupe unaochoma macho. Baada ya dakika tatu hivi inatulia. Mchana haina tatizo, hata mlima na mzigo inapanda. Fundi mmoja anataka kushusha pampu ya dizeli ikapimwe. Mwingine anasema dizeli inaganda, nichanganye na mafuta ya taa. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Spana17: Mkuu, pampu iache kwanza. Pampu iliyochoka haichagui saa, ingekusumbua na mchana. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyotoka bila kuungua, maana yake ndani ya silinda hakujapata joto la kutosha. Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na bloku likiwa baridi linalinyonya joto hilo. Ndiyo kazi ya plagi za hita, vile vijiti vya umeme vinavyopasha silinda moto kabla ya kuwasha.

Fungua kile kipande cha bati kinachounganisha plagi zote nne, kila moja ibaki peke yake. Chukua tesa ya taa, waya mmoja chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, umekatika. Ukimaliza rudisha bati, mtu ashike swichi kwenye hita, upime volti pale kwenye bati. Hakuna kitu? Kagua fyuzi na relei kabla ya kununua plagi.

Na dukani sema volti 24 kwa sauti. Plagi ya volti 12 kwenye mfumo huo inaungua, na ncha yake ikidondokea pistoni utakuwa unaulizia bei ya injini.

Upepo_Mdogo: Naongeza, usiache kupima upepo. Usiku mpira wa dizeli uliokauka unasinyaa kwenye klempu, upepo unaingia, dizeli inarudi tangini. Dalili yake ni tofauti kidogo: gari linawaka vizuri, halafu baada ya sekunde chache linakata. Alfajiri kabla ya selfu, bonyeza pampu ya mkono. Ikiwa ngumu tangu mwanzo, njia imejaa. Ikiwa laini mara nyingi ndipo ikaze, kuna upepo. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, mapovu utayaona kwa macho.

Mbao_Njombe: Pampu ya mkono ni ngumu tangu mwanzo. Na hili la mafuta ya taa?

Tingo: Achana nalo kabisa. Vipande vinavyobana mafuta ndani ya pampu ya dizeli vinalainishwa na dizeli yenyewe, mafuta ya taa ni mepesi, yanavila. Chota dizeli ya tangini kwenye chupa ya kioo, iache nje usiku. Alfajiri ikiwa angavu, haijaganda. Isitoshe, dizeli ikiganda nta inaziba filta, gari linakosa nguvu ukikanyaga. Hiyo siyo dalili yako.

Niulize mimi: thermostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto? Mafundi wengi wanaitoa eti injini isichemke. Huku nyanda za juu, bila thermostati injini haipati joto lake hata saa nne asubuhi. Oili je? SAE 40 alfajiri ni nzito kama asali, selfu inazunguka polepole, na mzunguko wa polepole haubani hewa ikapata moto. Pima pia betri zote mbili, kila moja ikilala isishuke chini ya 12.4.

Mbao_Njombe: Nimepima. Taa imewaka plagi ya 1 na ya 4 tu. Volti kwenye bati zipo. Betri 12.5 na 12.6. Oili ni SAE 40. Kasha la thermostati ni tupu!

Spana17: Basi umeshapata. Badilisha plagi zote nne, siyo mbili. Zifungue injini ikiwa na uvuguvugu, ukipuliza vumbi pembeni kwanza, la sivyo zinakatikia humo. Rudisha thermostati na gasketi mpya. Oili hamia 15W-40, nyepesi zaidi kwenye baridi, lakini hiyo subiri sevisi.

Ikibaki kumisi: washa ikiwa baridi, baada ya nusu dakika dondoshea maji kila tawi la eksozi. Tawi ambalo maji yanachelewa kukauka, silinda yake haiungui. Hamisha nozo yake, ile inayonyunyiza dizeli, silinda nyingine. Misi ikihama nayo, nozo ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, pima nafasi ya valvu, 0.40 mm injini ikiwa baridi, kisha kompresheni, yaani mbano wa hewa. Zile pete za kopa (washa) chini ya nozo weka mpya, zilizokwisha kubanwa zinavujisha.

Tingo: Na mtu yeyote asipulizie etha, ile spirei ya kuwashia injini, wakati hita inawaka. Inaweza kulipuka.