Mgonjwa wa mionzi: mbwa na paka wabaki nyumbani au wahamishwe?

MkaziWaPasua
Wadau, mgonjwa wa tezi ya shingo atamezeshwa iodini ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, kisha arudi Moshi. Nyumbani kuna mbwa na paka wawili. Wahamie kwa ndugu, wakae uani, au mgonjwa atengewe chumba? Ipi salama zaidi?

FizikiaTiba
Kwanza tutofautishe. Mionzi ya mashine haibaki mwilini mashine ikizimwa. Paka anaweza kulala miguuni pa mgonjwa usiku uleule. Iodini 131, hiyo ya kumeza, ni habari nyingine. Inabaki mwilini, nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, na hutoka kwa mkojo, mate na jasho. Dozi nazo hazilingani: tezi inayofanya kazi kupita kiasi mara nyingi hupewa milikyuri (kipimo cha mionzi) 10 hadi 15, saratani 30 hadi zaidi ya 100. Kwa hiyo hesabu siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa huyo, si za jirani aliyetibiwa mwaka jana.

DaktariMifugoNjiro
Paka wahame, mbwa abaki bandani. Chumba hakimzuii paka. Mlango ukiachwa wazi kidogo tu, yuko kifuani pa mgonjwa, kidevu kimegusa shingo, na iodini imejikusanya hapohapo. Mtu au mnyama akitoka nusu mita kwenda mita 2, mionzi inayomfikia inapungua takriban mara 16. Ila usiwapeleke nyumba ya tatu, watarudi. Wapelekwe mbali na wafungiwe ndani.

MamaKibosho
Umbali sawa, lakini kwa mbwa wetu mimi naogopa zaidi makombo. Mfupa uliotafunwa na mgonjwa, ugali uliobaki kwenye sahani yake, vyote vina mate. Mbwa naye ana tezi ya shingo, na tezi hiyo huivuta iodini kama yetu. Mpikieni sufuria yake, dona na dagaa. Ya mgonjwa yatupwe choo cha shimo. Kanga na shuka zake zifuliwe peke yake, na maji yamwagwe chooni, si uani ambako mbwa hunywa kwenye dimbwi.

MkaziWaPasua
Asante mama, la makombo sikuliwaza. Na mbwa akimlamba mkono?

FizikiaTiba
Kulamba mara moja si janga, msimfukuze mnyama. Mgonjwa aoshe mikono kwa sabuni, asimbebe wala kumlisha kwa mkono. Tishu alizofutia pua ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko, maana paka huzichezea. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili na kifunikwe; paka hunywa mle.

MuuguziMstaafu
Kwa wale wa mashine: ngozi iliyopigwa mionzi hubabuka kama iliyoungua, isilambwe wala kuparuzwa. Kateni kucha za paka. Kama mgonjwa yuko pia kwenye kemo (dawa za saratani zinazoshusha kinga ya mwili), mtu mwingine azoe kinyesi cha paka kwa glovu, na azoe kila siku: vimelea vya toksoplasma huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya paka ndipo viweze kuambukiza.