Betri yangu ni 46B24L, dukani napewa 55B24LS. Yaingia?

DerevaChangamwe: Wadau, salaam. Betri ya gari langu, Toyota Fielder, imekufa, kibandiko chasema 46B24L. Dukani Mwembe Tayari nimeonyeshwa NS60L, 55B24LS na 55B24R. Muuzaji ashikilia kuwa zote ni mamoja, eti 55 ni ampea zaidi. Nichukue ipi?

FundiLikoni: Si mamoja hata kidogo. NS60L ni jina la zamani la hiyo hiyo 46B24L, chukua hiyo ulale. 46 ni daraja la nguvu, si ampea-saa. Ampea-saa zake ni kama 45 kwa kipimo cha saa 20, yaani yatoa ampea 2.25 mfululizo kwa saa 20 mpaka iishe. B ni upana na kimo cha boksi. 24 ni urefu, karibu sentimita 24. Sasa L: geuza betri vichwa (pale waya zinapofungwa) viwe upande wako, hasi itakuwa kushoto na chanya kulia. R ni kinyume, waya hazitafika. Na fundi wa haraka akizivuta akaunga chanya kwa hasi, fyuzi kuu yaondoka, pengine na dayodi za alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka.

Kizingo_Umeme: Naongeza S ya mwisho kwenye 55B24LS. Ni vichwa vinene. Klipu zako ni za vichwa vyembamba, na ukizipanua kwa bisibisi zitapasuka. Ukitaka nguvu zaidi tafuta 55B24L isiyo na S, boksi ni lile lile.

DerevaChangamwe: Shukran. Na hii CCA? Moja imeandikwa CCA 325, nyingine CA 400.

FundiLikoni: Hapo ndipo watu huuziwa namba. CCA ni nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, hupimwa kwenye nyuzi -18: ampea ambazo betri yatoa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. CA ni kipimo hicho hicho kwenye nyuzi 0, lazima iwe kubwa. Kuigeuza iwe CCA, zidisha 400 kwa 0.8 upate kama 320. Hakuna tofauti ya kulipia.

Kizingo_Umeme: Baridi hiyo Mombasa tutaisikia redioni tu. Kinachoua betri hapa ni joto: maji hukauka, sahani za risasi za ndani huliwa. Kwa hivyo angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya CCA, kisha weka mita ya volti. Volti 12.6 kwenda juu, nunua. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni bila kuchajiwa na sahani zimeanza kuganda salfeti, mwachie mwenyewe. Ukishaifunga, washa injini upime tena: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, regyuleta ya alteneta (inayozuia volti zisipande) ndiyo mbovu, na betri mpya itachemshwa vile vile.

DerevaChangamwe: NS60L ya dukani yasoma 12.7. Naifunga hiyo.