Mjadala: Dhoruba moja ya sumaku, vituo viwili vya nini?

Mwanahoja: Jua likitupa dhoruba, ncha zote mbili za dunia zinatikisika kwa pamoja, kwa sababu zimefungwa na mistari ileile ya sumaku. Sasa Wajapani wana kituo cha Syowa huko Antaktika, na tangu miaka ya 1980 wanapima pia Iceland, mwisho wa pili wa mstari huohuo. Sindano ya dira ikiyumba huku, si ushajua na kule? Wafunge kimoja, kodi za watu hizo.

Binti Pangani: Ncha si pacha. Mei 2001 satelaiti zilipiga picha za aurora, ule mwanga wa angani wa dhoruba hizi, pande zote mbili kwa wakati mmoja: kaskazini doa kali la mwanga lilikuwa upande wa alfajiri, kusini upande wa jioni. Ungefunga kipi?

Mwanahoja: Pacha nao hugombana. 1770 watu waliokuwa kwenye meli ya Cook, nahodha mvumbuzi wa Kiingereza, waliona wekundu angani karibu na Timor, na China wakauandika usiku uleule. Kituo hakikuwepo hata kimoja.

Kijana Tandale: Wekundu gani? Hizo rangi ni za kamera za simu. Jicho linaona ukungu tu.

Mpemba wa Montreal: Wewe uliona wapi? Tarehe 10 Mei 2024 nilitoka nje ya mji, kijani na waridi vikicheza juu ya kichwa changu. Nimeweka picha tatu.

Kijana Tandale: Picha za simu, hizohizo.

Fundi wa Gridi: Mnabishania rangi! Quebec, jimbo la Kanada, Machi 1989 dhoruba kama hiyo iliangusha gridi nzima ya umeme ndani ya sekunde kama 90, watu milioni 6 gizani. Mwamba wa kule haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo unaozuka ardhini sumaku inapoyumba unaingilia kwenye nyaya. Ukitaka kujua mkondo unapita wapi, lazima upime hapohapo.

Mpemba wa Montreal: Fundi, kwanza huyu anijibu. Ameniita mwongo.

Kijana Tandale: Sijasema mwongo. Nimesema simu. Ukiacha lenzi wazi sekunde tatu, hata moshi wa jiko unatoka waridi.

Binti Pangani: Kwenye dhoruba kubwa rangi huonekana kwa macho, Tandale. Siku hafifu ndiyo hubaki kijivu.

Mwanahoja: Basi wabaki na cha Antaktika, Iceland iende. Hapo nimelegeza.

Binti Pangani: Umelegeza nini? Nusu ya mstari si mstari.

Mpemba wa Montreal: Tandale, picha ya pili. Jirani yangu anaelekeza kidole juu. Anaelekeza simu?

Kijana Tandale: Anaelekeza taa ya barabarani.