Mazoezi, telomea na saratani: kiasi gani kinatosha?

Kasarani_Mashariki: Wadau, inasemekana mazoezi hurefusha telomea, zile ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika. Telomea ndefu ni kinga ya saratani? Na anayeshinda kwenye kiti ofisini afanye mazoezi kiasi gani?

SeliHai: Telomea ikifupika mno, seli huacha kugawanyika. Huo ndio uzee wake, na pia ni breki dhidi ya uvimbe. Takriban saratani 9 kati ya 10 huivunja breki hiyo kwa kuamsha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha. Kwa hiyo telomea ndefu si kinga ya saratani, na usitoe pesa kupimwa telomea. Faida kubwa hupitia kwingine: misuli ikifanya kazi huvuta sukari damuni, insulini inashuka, na insulini nyingi huchochea seli kugawanyika. Kwa mama aliyekoma hedhi, homoni ya estrojeni hutengenezwa zaidi na mafuta ya mwili. Mafuta yakipungua, estrojeni hupungua nayo, na hatari ya saratani ya matiti na ya mji wa mimba hushuka.

Kano_na_Misuli: Shirika la Afya Duniani (2020) linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Mwendo wa wastani ni kama hatua 100 kwa dakika: unaweza kuongea, kuimba huwezi. Shuka matatu mapema, utembee dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku 5, hesabu imetimia. Wengi huharibu kwa kuanza na kilomita 10 msitu wa Karura Jumamosi moja. Pumzi huzoea haraka, kano ya kisigino huchelewa, ndipo inapouma. Na tafadhali, msitembee kando ya Thika Road saa ya msongamano kama kuna njia ya ndani. Moshi wa dizeli wenyewe husababisha saratani ya mapafu.

Mama_Umio: Naongeza hili kwa sababu linatuhusu sana. Mazoezi yanahusishwa na kupungua kwa adenokasinoma ya umio (saratani ya koo la chakula inayoanzia kwenye seli za tezi), lakini iliyoenea Kenya ni aina nyingine, ya seli bapa. Hiyo kukimbia hakuigusi sana. Acha chai ipoe chini ya nyuzi 65, acha pombe na sigara. Saratani ya shingo ya kizazi hutokana na virusi vya HPV: chanjo kwa wasichana, uchunguzi kwa akina mama.

Kasarani_Mashariki: Asanteni. Na aliyekwisha kuugua?

SeliHai: Jaribio lililotolewa 2025 lilifuata wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza upasuaji na kemotherapi. Walioongozwa kufanya mazoezi miaka 3, asilimia 80.3 walifika miaka 5 wakiwa hai bila saratani. Wenzao waliopewa vijitabu vya ushauri tu, asilimia 73.9. Aanze kwa idhini ya daktari wake.