Tawi la Mwanza halishiki seva ya Dar, programu inaleta kosa namba 26

Kirumba_Net
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, tarehe 20 ni mwisho wa ritani ya VAT na wahasibu wa tawi hawawezi kuingiza hata ankara moja.

Programu yetu ya uhasibu na stoo inatumia SQL Server 2019 (hifadhidata ya Microsoft) iliyoko makao makuu Dar. Sisi Mwanza tunaingia kwa VPN (njia ya faragha kupitia intaneti). Tangu ruta ya tawi ibadilishwe, programu inafikiri kidogo kisha inaleta "error: 26 - Error Locating Server/Instance Specified". Wenzetu wa Dar wanapiga kazi kama kawaida. Ping (kuuliza tu kama mashine ipo hewani) inajibu vizuri. Hata Test-NetConnection (amri ya Windows ya kupima kama poti, yaani mlango wa huduma kwenye mashine, inafikika) kwa poti 1433, ile ya kawaida ya SQL Server, inaleta True. Anwani tuliyoweka ni 10.10.1.5\UHASIBU. Niangalie wapi?

Jembe_la_Ofisi
Zima fayawoli ya seva, futa programu, iweke upya. Kwetu ilikubali.

Dada_Seva
Tafadhali usizime fayawoli, ndiyo inayozuia wasiohitajika kuingia. Seva hiyo imebeba mishahara ya watu na madeni ya wateja. Na kufuta programu hakutasaidia, kwa sababu bado haijafika hata hatua ya kuulizwa neno la siri.

Kosa lenyewe linajieleza. 26 maana yake kompyuta yako haijaambiwa UHASIBU iko poti gani. Ukiandika anwani kwa jina la instansi (nakala moja ya SQL Server kwenye mashine) namna hiyo, kwanza swali linatumwa kwa SQL Server Browser, huduma inayotaja poti ya kila instansi, kupitia UDP 1434. Jibu lisiporudi, unapata 26. Ndani ya ofisi ya Dar swali linapita. Kwenu, nahisi ruta mpya inapitisha TCP 1433 peke yake (TCP na UDP ni aina mbili tofauti za mawasiliano). Ping haikuonyeshi hilo, maana yenyewe haigusi poti yoyote.

Ila hiyo True ya 1433 inanitia shaka. Instansi yenye jina kwa kawaida hujichagulia poti nyingine, na inaweza kuibadilisha huduma ikiwashwa upya. Kuna SQL Server nyingine kwenye mashine hiyo hiyo?

Kirumba_Net
Ipo, dada! Ya mfumo wa mahudhurio, ule wa alama za vidole.

Dada_Seva
Basi ndiyo inayokuitikia 1433, wala si UHASIBU.

Mtu wa Dar afungue SQL Server Configuration Manager, aingie Protocols for UHASIBU, TCP/IP, IP Addresses, ashuke mpaka IPAll. Kwenye TCP Dynamic Ports afute kila kitu, hata sifuri isibaki. Kwenye TCP Port aandike namba isiyotumika, tuseme 14330. Huduma iwashwe upya watu wakishatoka kazini. Kisha mruhusu TCP 14330 kwenye VPN na kwenye fayawoli ya seva, kwa anwani za tawi tu. Kwenye programu andika 10.10.1.5,14330. Ni alama ya mkato, si nukta mbili. Wengi hukwama hapo. Ukitaja poti, yule Browser haulizwi tena.

Ikija 10060, mara nyingi kuna fayawoli njiani inayomeza maombi kimya kimya. Ikija 10061, mashine imefikiwa ila hakuna huduma inayosikiliza poti hiyo, kwa hiyo mrudi kwenye seva.

Kirumba_Net
Imekubali! Ilianza kuleta 10060, tukakuta ruhusa ya 14330 kwenye VPN upande wa Dar haijahifadhiwa. Sasa wahasibu wanaingiza ankara. Mungu akubariki sana. Bado ripoti ya stoo ya mwaka mzima, inazunguka mpaka mtu anakata tamaa.

Dada_Seva
Hapo muunganisho ni mzima. Programu za namna hiyo zilitengenezwa kwa mtandao wa ndani ya jengo, zinavuta mistari yote ya data hadi kwenye kompyuta yako ndipo zijumlishe. Ripoti kubwa zifungueni kwa Remote Desktop (kuendesha kompyuta ukiwa mbali) kwenye kompyuta iliyoko Dar, ndani ya VPN hiyo hiyo, ili Mwanza ije picha ya skrini tu. Poti 3389, ya Remote Desktop, msiifungue kwenye intaneti hata kwa saa moja.