Tupeane uzoefu: mliofuga Cavalier, mlijua lini mmeleta mbwa wa namna gani nyumbani?

Mama Pacha: Wakuu, leo nimekuta manyoya meupe kwenye koti ambalo sijalivaa tangu mbwa wetu afe, nikakaa chini nalia kama mtoto. Alikuwa Cavalier King Charles, yule spanieli mdogo wa masikio marefu. Watoto walitaka mbwa, mimi nikataka mdogo, kilo saba hivi, asiye na makuu. Hakuna aliyeniambia huyu mbwa hafugwi uani, anafugwa mwilini. Ukiingia jikoni yuko miguuni, ukienda chooni unaona pua imechomekwa chini ya mlango inahema. Wenu mliwajuaje?

Kigogo77: Hiyo ya chooni, kumbe ni wote!

Dalili Njema: Mimi nilimjua siku tuliyomwacha peke yake kutwa nzima. Narudi jirani ananiambia mbwa wako kalia mpaka sauti imekauka, naingia ndani chakula hakijaguswa, soksi zote za mke wangu kazitoa kwenye kapu la nguo chafu kazibeba moja moja hadi kwenye godoro lake, hajatafuna hata moja, kalala juu yake. Kama nyumba nzima mnatoka asubuhi mnarudi usiku, tafadhalini msimchukue.

Kigogo77: Chukueni wawili, wataliwazana.

Dalili Njema: Kaka, nilijaribu. Wakalia wote wawili.

Bint Saidi: Mimi nina la masikio. Akinywa maji masikio yote yanazama bakulini, yakilowa kila siku yanaanza kunuka na kuwasha, daktari akaniambia nibadilishe niweke bakuli lenye mdomo mwembamba, na nichane nyuma ya masikio maana nywele za pale husokotana haraka. Lingine, msidanganywe na ule upole. Wangu aliona njiwa ng'ambo ya barabara akachomoka, kidogo gari limchukue. Ni spanieli jamani, mbwa wa kuwinda, ndege wako kwenye damu. Kamba haitoki mkononi.

Babu Juma: Mama Pacha umenigusa, ngoja niseme. Wetu alipofika miaka sita daktari alimwekea mashine kifuani akanyamaza muda, akasema moyo una mvumo, vali, yaani kilango cha damu moyoni, haifungi sawasawa. Akatufundisha kuhesabu pumzi mbwa akiwa amelala, kifua kikipanda na kushuka ni moja, na zikizidi 30 kwa dakika tumpigie. Nilihesabu wiki mbili nikaacha, mbwa alikuwa anakimbia na mpira, nikaona daktari katutisha bure. Miaka mitatu ikapita. Usiku mmoja nasikia kikohozi, nikajua kapaliwa. Naamka kumtazama, kakaa sebuleni gizani, viwiko kavitanua, shingo kaikunjua mbele, nikimlaza anainuka, nikimlaza anainuka. Mwanangu wa miaka minane akatoka chumbani bila kusema neno akapiga magoti akamwekea mkono mbavuni, anatazama saa ya ukutani, midomo inacheza. Akasema baba, 54. Tulitoka na pajama. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, wakamwekea oksijeni na dawa ya kuyatoa. Alipona ule usiku, akaishi miezi kumi na moja kwa vidonge asubuhi na jioni, na mwanangu akawa anahesabu kila siku kabla ya kulala. Ninachojilaumu ni ile miaka mitatu. Kuna dawa ambayo moyo ukishaanza kutanuka inachelewesha siku ya kuzidiwa, lakini lazima apimwe, na mimi sikumrudisha.

Kigogo77: Dah. Pole sana mzee wangu.

Mkweli Daima: Poleni, ila lazima lisemwe. Hayo ndiyo yaliyofanya Mahakama ya Juu ya Norway mwaka 2023 kusema kuzalisha Cavalier kwa Cavalier kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Wengi wana moyo mbovu, wengine fuvu ni dogo kuliko ubongo, ndiyo unaona anajikuna shingoni lakini mguu haugusi ngozi.

Bint Saidi: Mtu anamwaga machozi wewe unaleta kesi?

Mama Pacha: Dada mwache aseme, laiti ningeambiwa mapema.

Mkweli Daima: Asante mama. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alitoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Uingereza, anataka spanieli wa uso mrefu kama wale wa kwenye picha za zama za mfalme Charles II, maana waliokuwepo walishakuwa na pua bapa. Aina yote ya Cavalier ikajengwa kwa mbwa wachache, na kasoro zao zikarithiwa humo humo. Anayetaka kununua aulize vyeti vya moyo: wazazi wapimwe wakiwa wamefikisha miaka miwili na nusu, na babu na bibi wawe na moyo safi wakiwa na miaka mitano. Muuzaji akikuzungusha, ondoka.

Dalili Njema: Au mchukue mtu mzima aliyekosa nyumba, huyo moyo wake unapimika leo leo.

Bint Saidi: Mkweli nisamehe, nilipandwa. Babu Juma, wangu yuko hapa miguuni kalala, nimehesabu mara mbili. 22.

Babu Juma: 22 nzuri mwanangu. Iandike, na kesho uhesabu tena.