Eksirei ya mama ina makovu: je, kifua kikuu kimerudi?

Mjukuu wa Newala:
Wakubwa shikamooni. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, alitibiwa kifua kikuu mwaka 2015 akapona, lakini tangu mwaka juzi anakohoa na kuhema kila apandapo mwinuko kutoka kisimani. Makohozi yamepimwa mara mbili bila kuonekana vimelea, ila eksirei ina makovu sehemu ya juu ya pafu la kulia, na tumeambiwa huenda akaanzishiwa dawa upya. Je, picha peke yake inatosha kuamua jambo zito kiasi hicho?

Mpigapicha wa mionzi, Lindi:
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Makovu ya kifua kikuu kilichopona hubaki maisha yote, na picha moja haiwezi peke yake kuyatenganisha na ugonjwa mpya. Ndiyo maana namsihi kila mgonjwa atunze picha yake ya zamani, kwani daktari akiiweka pamoja na mpya na kuona kivuli hakijabadilika, atakuwa na sababu ya kutafuta chanzo kingine. Chanzo hicho mara nyingi ni kuziba kwa njia za hewa, ambako eksirei huweza kutokuonyesha kabisa mwanzoni. Kinachokithibitisha ni kipimo cha kupuliza: baada ya kuvuta dawa ya kutanua mirija, hewa itokayo katika sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 0.70 ya hewa yote aliyopuliza, mirija imeziba. CT-Scan, ambayo kwetu Kusini ipo Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Mtwara, hulipiga pafu picha za vipande vyembamba ikaonyesha vifuko vya hewa vilivyoharibika, mirija iliyotanuka kupita kiasi, hata uvimbe wa kuvu ndani ya tundu lililoachwa na kifua kikuu cha zamani. Mionzi yake ni mingi zaidi, hata mara makumi, kuliko ya eksirei, hivyo ifanywe daktari anapokuwa na swali mahususi.

Mkulima wa Masasi:
Baba yangu alipulizia mikorosho salfa kwa miaka mingi na kuvuta sigara. Picha yake ilisomwa kuwa safi, tukarudi nyumbani tukiamini ni mzima, mpaka alipopulizishwa kwenye mashine ndipo ugonjwa ukajulikana. Mweleze daktari mama amepikia kuni miaka mingapi, na jikoni palikuwa na dirisha au la. Hayo picha haiyasemi.

Mjukuu wa Newala:
Ahsanteni sana. Jiko letu halikuwa na dirisha. Picha ya 2015 iko kwa shangazi Tandahimba, nami naifuata Jumamosi.

Mpigapicha wa mionzi, Lindi:
Usiikunje. Ibebe katikati ya vipande viwili vya boksi.